Barua ya Maskati: Lenzi ya Kwenda Ibra

Shangazi, Ami, na nyote mliokaa hapo barazani,

Ujumbe wenu wa sauti nimeupata, ule mrefu ambao nusu yake mnagombania simu. Nilichoelewa ni kwamba mnakuja, mnataka niwapeleke Ibra mkaone walikotoka wazee, na nipige "picha za maana, si za simu." Hilo la mwisho ndilo lililonipeleka duka la kamera. Huko kamera ikanitazama, ikanipuuza, ikamchagua paka.

Si mzaha. Kamera za siku hizi zinatafuta macho zenyewe. Unamwelekezea mtu, kijisanduku cha kijani kinarukia jicho lake na kumganda popote aendapo. Muuzaji, kijana wa Kerala mwenye subira isiyo kifani, alinisimamisha mlangoni anionyeshe. Nyuma yangu alilala paka wa Muttrah, wale wanaokula samaki wazuri kuliko mimi. Kijisanduku kikatua kwenye jicho la paka. Nikasogea: paka. Nikatabasamu: paka. Ikabidi kijana afungue menyu tuchague wenyewe tunachotaka kupiga: mtu, mnyama, ndege wa mtini, ndege ya angani, gari, treni. Treni! Oman haina treni ya abiria, na sisi ile yetu ya Bububu ya mwaka 1905, hata walioipanda tumeshawasomea hitima. Lakini ikitokea tu ikapita, mwanenu niko tayari.

Bei nayo! Kijana anakutajia rial 700, na wewe uliyekulia kwenye shilingi unaona ni nauli ya daladala. Rial moja ni zaidi ya dola mbili na nusu. Nilipogeuza hesabu niliomba maji ya kunywa.

Na bei ni afadhali, kuna hesabu ya tundu. Kila lenzi ina herufi f na namba yake. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Tundu likiwa kubwa, mwanga unaingia kwa wingi na lenzi inakuwa ghali, kwa hiyo kadiri namba inavyoshuka ndivyo bei inavyopanda. Nikauliza aliyepanga haya alikuwa na ugomvi na nani. Kijana akaeleza kwa upole kuwa ni kugawanya tu: lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25, jibu ni 2. Sawa. Lakini hiyo 50 si urefu wa lenzi uliyoishika mkononi, ukiipima kwa rula utagombana nayo. Na kwenye kamera ndogo, lenzi ya 35 inaona kama ya 50 na ushei, maana kile kijibao cha ndani kinachopokea mwanga ni kidogo, inabidi uzidishe kwa moja na nusu. Kijibao kamili ni milimita 36 kwa 24, sawasawa na picha moja ya mkanda wa zamani. Mkanda tumeuzika, kipimo chake bado kinatutawala! Nikatikisa kichwa kama mjuzi, vilevile nilivyokuwa nikifanya kwenye darasa la hesabu, na matokeo yangu nyote mliyaona.

Akanipa nijaribu lenzi ya kuvutia mbali, 70 hadi 200, ndefu kama mchi na uzito wake kilo na zaidi. Nikairudisha. Katika ukoo wetu nani wa kupigwa picha kwa mbali? Nyinyi mkiona kamera mnaisogelea mpaka mnagusa kioo.

Ibra inataka vingine. Kule mtaa wa Al Munisifeh jua la nje linatoboa macho, ukiingia ndani ya nyumba kongwe humwoni aliye mbele yako. Kwa hiyo nimechukua mbili: ya 24 hadi 105 ya kutembea nayo, na kijilenzi cha 35, f 1.8, cha vyumba vya giza. Kubadilisha lenzi nje ni marufuku, vumbi likiingia halitoki. Na hapa Maskati, ukishuka kwenye gari lenye kiyoyozi lenzi inafunga ukungu papo hapo, mtasimama kwenye joto mkisubiri ikauke. Namjua Ami, ikikauka atakuwa keshapotea na watu wa kusalimiana nao.

Milango mtaipenda na nitawapigia yote. Ila msiniambie nikate maelezo: majumba mengi pale yalijengwa kwa fedha ya kwetu, ya karafuu, ya pembe, na ya watumwa. Nitayasema mbele ya watoto.

Mwenye duka, Mmaskati, alinisikia Kiarabu changu neno moja tu akanijibu kwa Kiswahili, "Wa Unguja wewe?" Huko kwetu Mkunazini nilikuwa Mmanga, huku Mzinjibari. Punguzo hakunipa.

Halafu nikaikumbuka picha ya babu iliyo juu ya redio, ya Capital Art ya Barabara ya Kenyatta hapo Unguja, studio iliyofunguliwa 1930. Mkono gotini, hacheki, na hakuna aliyemuuliza kama yeye ni treni. Ninayo kwenye simu, lakini Ami uliyeinakili umeacha mwako wa taa usoni kwake. Usiku mwingine najikuta nausugua kwa kidole.

Sasa sikilizeni sharti la Ibra. Jumatano asubuhi kuna soko la wanawake: wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, mwanamume haingii. Baada ya rial zote hizo, mimi na Ami tutakuwa nje tunakunywa kahawa. Shangazi, mpiga picha ni wewe, na hiyo simu yako yenye ufa. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu, na kidole ukitoe mbele ya lenzi. Anza mazoezi leo.

Pawabenki na betri za akiba ziwe mzigo wa mkononi, ndiyo sheria ya ndege. Achari ya embe itie kwenye begi la kupakia, ina majimaji. Ukivigeuza, vyote vitabaki uwanjani, na nitakayoililia ni achari.

Mwanenu wa Ruwi