Mkeka Usiokanyagwa

Hongera kliniki yetu ya kisukari kwa kuutunza mkeka wa kidijitali wa kupimia mgandamizo wa nyayo. Kwingine watu wanaukanyaga kila siku mpaka vihisio vinachoka. Wetu bado umo ndani ya nailoni yake, kama sofa ya bibi harusi. Hauhitaji kusawazishwa upya, kwani haujawahi kukosea kipimo. Leseni ya programu yake imekwisha muda kwa heshima, bila kusumbuliwa na mgonjwa hata mmoja. Ufunguo wa kabati anao mkuu, naye yuko semina ya matumizi ya vifaa vya kisasa.

Wapo wanung'unikaji wanaosema ile picha ya mkeka, nyekundu pale uzito unapolemea, ingemsaidia fundi wa viatu kutengeneza soli kabla kidonda hakijachimbika. Hawajui adabu ya vyombo: sahani ya wageni hailiwi ugali. Mbona wagonjwa wenyewe hawalalamiki? Kisukari kikishaua neva za miguu, hata msumari hausikiki.

Wiki ijayo wafadhili wanakuja kuukagua mkeka. Tafadhali, atakayepita karibu na kabati avue viatu.