Si Nyumba, Mjomba, Ni Miaka

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu: mara ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa wasiwasi, ya tatu nikiwa nimeshakaa kitako. Unasema habari zimefika barazani Jaws Corner kwamba mpwa wako kanunua jumba London, kwamba Mama keshagawa visheti mtaa mzima, na kwamba Saidi kaanza kuhangaikia pasipoti "maana pa kufikia sasa papo." Visheti vikishaliwa vimeliwa. Lakini Saidi mzuieni.

Jumba sijanunua. Ukinibana sana, hata nyumba sijanunua. Nakuandikia wewe kwa sababu umekula udalali miaka thelathini, umeuza mabanda ya uani na viwanja vyenye kesi, na ukikifahamu kitu wewe baraza zima litakifahamu. Agiza kahawa kwanza.

Nianze na madalali wenzio. Dalali wa huku ana miaka ishirini na tatu, suti ya bluu iliyombana kama ngozi ya embe, na viatu vyenye ncha bila soksi. Anakula upande mmoja tu, wa muuzaji. Nakuona unacheka. Wewe ungekula kotekote na bado ukaombewa dua. Huyu anakutabasamia, anakuuliza habari za watoto, anataka kujua una akiba kiasi gani, kisha anakwenda kumwambia muuzaji kila ulichosema. Nimejifunza kumjibu kama tunavyomjibu mtu anayeuliza bei ya samaki uliobeba.

Na lugha yake inataka mkalimani. Akiandika kwamba fleti ina "haiba", madirisha hayafungiki. Akiandika mtaa "umechangamka", chini pana baa. Akiandika "dakika saba hadi stesheni", ujue aliyepima alikuwa anafukuzwa na mbwa. Ukubwa wa nyumba hawautaji kwa kiburi kama sisi, mguu kwa mguu. Wanahesabu vyumba vya kulala, na chumba cha kulala ni popote godoro linapoingia, mlango ufungike usifungike. Niliona kimoja East Ham ambacho ukitaka kufungua kabati lazima upande kitandani. Dalali akaniambia huo ni ubunifu.

Siku ya kutazama ni Jumamosi, na hamtazami peke yenu. Fleti moja Walthamstow tulikuwa watu kumi na tano kwenye ngazi, kila mmoja anajifanya hana haja nayo. Mimi nilipofika mlangoni nikavua viatu. Sikufikiri, Mjomba, ni mazoea tu. Nimelelewa na dada yako. Nyuma yangu mama mmoja wa Kizungu akaniona, akadhani ni sharti, akavua vyake. Wa nyuma yake akavua. Mara korido nzima imejaa viatu kama mlango wa msikiti Ijumaa, na watu wazima kumi na tano wanazunguka na soksi zao, wengine zimetoboka. Akabaki dalali. Alitutazama, akatazama viatu vyake vya ncha, akaona aibu, akavua. Miguu mitupu, Mjomba, na sakafu ya mwezi wa pili. Alituonyesha jiko akiwa anarukaruka kama anayekanyaga mchanga wa Paje saa saba mchana. Nilijua ile fleti sitaipata.

Sikuipata kweli, ingawa kwa muda wa wiki tatu niliamini nimeipata. Walitaka kila mtu atoe bei yake ya mwisho kwa siri kabla ya saa sita mchana Jumatatu, kama mnada wa watu waliofumbwa macho. Nikashinda. Nikapigiwa simu nikapongezwa. Nikalipa mwanasheria, nikalipa mkaguzi wa majengo, ambaye alipita na kidude cha kupimia unyevu kinacholia kama chiriku kila anapokigusisha ukutani. Angekileta Mji Mkongwe kingelia mpaka betri ikaisha. Ripoti yake ilikuwa kurasa arobaini, na nusu yake inaeleza asichoweza kukiona kwa sababu juu yake pana zulia.

Kisha simu ikalia tena. Kuna mtu kaongeza paundi elfu kumi na mbili, na muuzaji kanibadilikia. Hiyo si jinai, wala si kosa, wala haina wa kuishitakia. Huku Uingereza na Wales, neno "nimekuuzia" halina uzito mpaka mikataba ibadilishane mikono, na hapo pengine miezi mitatu imepita. Waskoti wamejiwekea utaratibu unaowafunga watu mapema zaidi. Waingereza wao wameishia kuupa mchezo huo jina, gazumping, wakaendelea na chai. Pesa za mkaguzi hazirudi. Kwetu mtu akishapokea arubuni mbele ya mashahidi wawili, akigeuka mtaa wote unamjua. Huku mtaa hata haujuani.

Ya pili ilikuwa juu ya duka la kuku wa kukaanga, na mabenki hayapendi kuku. Nilishangaa, lakini ndivyo: harufu, mafuta, moto, tabu ya kuiuza tena. Hiyo tuiache. Mimi mwenyewe ningekwisha kwa kuku.

Sasa tufike kwenye kilichonipata hasa. Fleti nyingi za huku haziuzwi. Nasema tena polepole, ili mzee wa kahawa naye asikie: haziuzwi. Kinachouzwa ni miaka. Mwenye ardhi na jengo yupo mahali, pengine ni kampuni ambayo hujapata kuiona, na anakuuzia haki ya kukaa miaka 99 au 125, nawe unaita "nyumba yangu" huku saa inahesabu. Najua utasema hata hati za Bara ni za miaka 33, 66 au 99. Ni kweli, lakini kule hati unapewa na serikali. Huku umri wako unao mtu binafsi, na kila mwaka ukipungua, bei ya fleti yako inapungua nao. Ikibaki chini ya miaka 80, kuongezewa kunakuwa ghali, maana mwenye ardhi anadai na nusu ya kile wanasheria wanachokiita thamani ya ndoa. Wallahi hilo ndilo jina lake. Mahari unatoa, na bibi harusi ni ghorofa ya pili.

Niliyoipata mimi ipo East Ham. Ni nyumba ya zamani ya matofali, iliyokatwa fleti mbili, na mimi ni wa juu. Mkataba wake uliandikwa mwaka 1986 kwa miaka 99, kwa hiyo ilikuwa imebaki miaka 60 hivi, na benki zikiisikia zinajifanya hazisikii. Muuzaji akatumia sheria ya mwaka 1993 inayompa mwenye fleti haki ya kununua miaka 90 zaidi. Sasa ina miaka 150. Bei yake paundi 285,000. Usiigeuze shilingi. Najua umeshaigeuza. Ndiyo, inakaribia bilioni, na ni chumba kimoja, ukumbi, jiko la kusimama mtu mmoja akiwa hana kiburi, na bafu. Ushuru wa stempu wamenisamehe, kwa kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza halipi ikiwa bei haikuzidi paundi 300,000.

Riba pia nimeikimbia, mwambie Mama. Zipo taasisi huku zinazofuata sharia: wao na wewe mnanunua kwa ubia, kisha unawalipa kodi ya fungu lao huku ukilinunua kidogo kidogo. Mimi nimetoa moja ya tano, paundi 57,000, jasho la miaka kumi na mmoja ya kuendesha basi usiku. Wao wametoa zilizobaki. Hati ina jina lao, mpaka siku nitakapomaliza.

Sasa nihesabie wewe dalali. Ardhi yote ya Uingereza, ukiifuata kisheria mpaka mwisho, inaishia kwa Mfalme Charles; anayejiita mwenye ardhi kaishikilia kutoka kwake. Kampuni imeishikilia kutoka kwa Mfalme. Taasisi yangu imepanga kwa kampuni. Mimi nimepanga kwa taasisi. Na kuna paka wa jirani anayelala kwenye ngazi zangu tangu kabla sijaja, hataki kuondoka, na hakuna anayemdai kitu. Ukiniuliza nyumba ni ya nani, nitakuonyesha paka.

Hata hapo tulipoelewana bei, hatukuhama. Huku kuna mnyororo. Muuzaji wangu hawezi kutoka mpaka anunue kwa mwingine, huyo mwingine mpaka anunue kwa wa tatu, na wote mnatakiwa mhame siku moja, pesa zikipita benki hadi benki toka asubuhi. Mmoja akikohoa, mnyororo mzima unashikwa na homa. Sisi tulikuwa watano, na mwisho wa mnyororo alikuwa bibi mmoja huko pwani ya Southend ambaye alikubali kila kitu isipokuwa tarehe. Alikuwa na nyanya bustanini, na alikuwa anazisubiri ziive. Wiki saba, Mjomba. Wanasheria watano, mabenki matatu, lori limeshawekwa kwa ahadi, sote tunaulizana hali ya hewa ya Southend. Mvua ikinyesha nasononeka. Jua likitoka namwombea bibi wa watu ambaye sijapata kumwona uso. Ziliiva mwisho wa Agosti.

Wakati tunasubiri nyanya, mwanasheria wangu akagundua jambo jingine. Ipo sheria ya tangu zama za kati kwamba wenye baadhi ya ardhi wanaweza kudaiwa gharama za kutengeneza sehemu ya mbele ya kanisa la parokia, ile yenye madhabahu. Nikadhani ananitania. Hanitanii: mwaka 2003 kesi ya wenye shamba moja huko Aston Cantlow, Warwickshire, ilifika mpaka House of Lords, na wakashindwa. Basi kwa tahadhari nikate bima. Nimeikata, ni paundi chache. Kwa hiyo mpwa wako, aliyehitimu chuoni kwa Maalim, ana bima ya paa la kanisa. Hilo lisitoke barazani.

Fomu zao nazo! Muuzaji anatakiwa aseme kwa maandishi kama amegombana na jirani. Fikiria fomu hiyo ikipita mtaani kwetu, karatasi za ziada zingetoka wapi? Nyingine inaorodhesha anachoacha na anachochukua, kitu kimoja kimoja: mapazia, reli za mapazia, miti ya bustani, hata kile kijiti cha kushikia karatasi chooni. Wangu alitia alama kwamba kijiti anakiacha. Nikamwona ni mtu mwema.

Nilichukua funguo Ijumaa alasiri kwa yule yule kijana wa suti. Siku hizi anavaa soksi. Nimepanda na begi langu, jua linazama, nabonyeza swichi. Giza. Nabonyeza ya jikoni. Giza. Muuzaji alikuwa kafungua balbu zote, moja moja, kaondoka nazo. Nikamulika simu mpaka chooni. Kijiti kipo, kimeng'arishwa, hakina karatasi.

Nikakaa juu ya zulia, mgongo ukutani. Watu wa chini wanakaanga vitunguu, harufu inapanda. Nikakumbuka ule mwanzo wa 2010, Unguja nzima imekaa gizani bila umeme mwezi wa tatu huo, tumetandika mkeka nje na wewe unatuhadithia namna ulivyomuuzia mtu nyumba usiku kwa taa ya chemni asione nyufa. Nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga dari. Kugonga huko, nadhani, sasa ni jambo la kuandikwa kwenye fomu.

Limebaki moja, na hili ndilo ninalokuagizia. Miaka ile 90 ikiongezwa, sheria inaiondoa kodi ya ardhi ya kila mwaka. Lakini mikataba ya Kiingereza haipendi kitu cha bure. Kila upande lazima utoe chochote, hata kama ni cha kuchekesha. Kwa hiyo kodi yangu kwa mwenye ardhi imeandikwa waziwazi, kwa wino, na mwanasheria kaisoma bila kutabasamu: punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, ikidaiwa. Tangu tarehe 30 Juni 2022 wameiweka punje hiyo hiyo kwenye mikataba mipya mingi ya nyumba. Nimemuuliza mwanasheria kama kuna mtu aliyewahi kudaiwa. Akasema hajui hata mmoja. Nikamuuliza je, akidaiwa na hana? Hapo alinyamaza kidogo.

Basi mimi sitaki kushikwa. Mtu kwao Unguja, aje atolewe nyumba London kwa kukosa pilipili manga? Mwambie Mama Mdogo wa Kizimbani anianikie, na apewe yeyote anayekuja. Punje 150, nimehesabu, hazijazi nusu ya kikombe chako cha kahawa. Lakini ajaze mfuko, zinazobaki ni za pilau.

Akiwa ni Saidi ndiye anayekuja, mwambie alete na balbu.

Mpwa wako,
East Ham