Pumzi ya Kununua

Yuko kijana wa Igoma ambaye, baada ya kung'oa chujio la hewa lililokuja na Toyota yake na kupachika jingine jekundu, lenye umbo la pia, lililo wazi katikati ya joto la injini, amejaaliwa mngurumo wa simba na mwendo uleule wa jana. Laiti angalijua kwamba injini hula hewa kwa uzito wala si kwa kelele, kwamba hewa ya moto ni nyepesi, na kwamba ya Mwanza, mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, ni hafifu tangu azali, angalinunua chujio jipya la karatasi; maana lile kuukuu, wallahi, lilisheheni vumbi na vijidudu vya ziwani. Sasa jioni hunguruma kwa fahari katika foleni ya Barabara ya Kenyatta, bodaboda zikimpita.