Stima ya Watu Wanne

Majirani zetu hapa Mwihoko ni Kahawa Wendani, Kahawa Sukari na Kahawa West. Kule Ruiru kuna taasisi ya utafiti iliyotoa Ruiru 11 mwaka 1985, ule mkahawa mfupi usiotishwa na chulebuni wala kutu ya majani. Sasa bisha hodi nyumba yoyote ya ploti yetu uone utakachoandaliwa: chai ya maziwa. Kahawa yenyewe husafirishwa ng'ambo, sisi tukabaki na majina.

Kwa hiyo nilipotangaza kwamba nyumba hii inahitaji mtambo wa kahawa, mke wangu aliuliza tu, "Baba Ciku, kwani chai imekukosea nini?" Mama yangu, aliyemaliza ujana wake akichuma buni na kulipwa kwa debe, hakuuliza kitu. Alicheka hadi akashika mbavu.

Shemeji, aliyekuwa likizoni kutoka Marekani, akaingilia kati. Alituletea mashine ya kudondosha, mpya, yenye saa na taa ya buluu. Plagi yake ilikuwa na meno mawili bapa, akakimbia Githurai kununua adapta. Nikamkumbusha kuwa adapta hubadilisha meno tu, volti haizigusi. Kwao ni 120, kwetu ni 240. "Shem, wewe ni mwalimu, si fundi," akanijibu, akabonyeza. Basi niseme kama mwalimu: volti zikizidi mara mbili, joto la waya huzidi mara nne. Kile kidude cha wati 900 kilijikuta kinasukumwa kufanya kazi ya wati 3,600. Kikakohoa, kikatoa harufu ya plastiki, na nyumba nzima ikawa giza. Jirani wa juu akapaza sauti dirishani kuuliza kama sisi pia tumeishiwa tokeni.

Fundi alifungua kitako, akanusa, akatikisa kichwa. "Mkubwa, hii imekunywa stima ya watu wanne."

Tukageukia kitu kisicho na waya, lile birika la alumini lenye pembe nane ambalo Alfonso Bialetti alilitoa Italia mwaka 1933. Maji hukaa chini, unga wa kahawa katikati, na shinikizo la mvuke husukuma maji hadi juu. Kifaa cha heshima, ila Bialetti hakupikia meko. Vile vyuma vya juu ya mtungi wa kilo 6 vimepangwa kwa ajili ya sufuria ya ugali. Birika dogo likiwekwa pale linaegemea upande mmoja kama mlevi anayengoja matatu ya mwisho. Tukalitandikia kipande cha wavu wa waya, likasimama wima, likaanza kunguruma, na Ciku akatoka mbio nje akipiga kelele kwamba gesi inalipuka. Mjadala wa birika ukafungwa.

Ikabaki ile jagi ya kioo yenye kichujio cha kusukuma kwa mkono. Haitaki stima wala meko, inataka maji yaliyochemka, dakika nne za subira, na kahawa iliyosagwa kwa chembe kubwa. Hapo kwenye chembe ndipo penye kazi, maana ile ya dukani ilikuwa imesagwa laini mno, ikapenya kichujio, nikawa naitafuna badala ya kuinywa. Nikatafuta punje nzima zilizokaangwa, nikampelekea mama na kinu. Alitwanga bila haraka, akipepeta na kurudia, akaonja.

"Hii ndiyo nyapara alikuwa anatupigia kelele?" akauliza, akaongeza sukari vijiko vinne.

Jumapili chama cha mke wangu kilikutana kwetu. Kurudi kutoka kanisani nikakuta ile jagi imejaa chai ya maziwa hadi shingoni, akina mama wakipokezana zamu ya kusukuma kichujio, na vikombe vyote havina hata jani moja.

"Baba Ciku," mweka hazina akaniita, "hii mashine ya chai mlinunua wapi? Chama kinataka kumi."