Pawa Saplai Haina Mashabiki

Mtu akikwambia anatafuta kompyuta ya gemu ya bei nafuu, muulize kwanza: nafuu kwa nani? Kwa muuza duka wa Kariakoo, nafuu ni ile iliyomkalia dukani muda mrefu. Kwa kijana wa chuo, nafuu ni ile inayolipiwa na anko wake. Kwa mama watoto, nafuu ni ile ambayo haijanunuliwa.

Mimi niliipitisha nyumbani kwa hoja ya kuongeza. Sinunui kompyuta nzima, nilimweleza mama watoto, nanunua mwanzo wake tu. Leo prosesa ya wastani, mwakani kadi kubwa zaidi, RAM tutaongeza mambo yakikaa sawa. Nilijiandaa kwa ubishi, kumbe alinielewa upesi kuliko nilivyotaka, maana sisi ni watu wa Dar: tuna kiwanja Chanika na nyumba iliyosimama kwenye lenta. "Kwa hiyo na hii nayo haitaisha," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ndivyo ilivyo. Siku ya kwanza unamwaga msingi, na aliyemwaga msingi wa vyumba viwili asije baadaye akadai ghorofa.

Msingi wenyewe ni mazabodi, hasa ile soketi inayokaliwa na prosesa. Hapo ndipo alipoingia mpwa wangu, kijana anayeijua historia ya soketi za AMD kuliko historia ya ukoo wetu. Alinikalisha chini akanieleza kwamba soketi ya AM4 ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na mwaka 2022 bado ilikuwa inatolewa prosesa mpya, ikiwemo Ryzen 7 5800X3D ambayo hadi leo wacheza gemu wanaitaja kwa heshima. Mwaka huo huo ikaja AM5, inayotaka RAM za DDR5 peke yake na haisikilizi maombi ya mwenye DDR4. Intel nao wana LGA 1700 yao ya mwaka 2021, inayopokea prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14. I3-12100F yao ina kori nne tu na inachezesha gemu nyingi bila kulalamika.

Anayekushauri ununue AM5 kwa ajili ya baadaye ana hoja. Ila hajaambiwa kwamba ada za shule zinadaiwa Januari. Tukaangukia AM4 na Ryzen 5 5600: kori sita, wati 65, na DDR4 zake zimejaa mjini.

Kariakoo huendi dukani, unapelekwa. Anayekupeleka ni winga, kijana asiye na duka lakini mwenye maduka yote, ambaye ukimtajia kitu asichowahi kukisikia anakujibu "ipo bosi, twende" kabla hujamaliza. Nilimwambia nahitaji feni za keisi. Tukakatiza Aggrey, tukapita katikati ya vitenge na mabegi ya shule, tukapanda ngazi zisizo na taa, akatufikisha kwa muuza feni za dari. Mpwa wangu akamfafanulia kwamba tunataka ndogo. Winga akamgeukia mwenye duka: "Unazo ndogo?"

Tulipofika hatimaye kwenye duka lenyewe, muuzaji hakuniuliza nacheza gemu gani wala nina shilingi ngapi. Aliuliza, "Na taa?" Kisha akawasha keisi ya kioo yenye feni sita, zikaanza kubadili rangi, kijani, zambarau, nyekundu, hadi mteja mwingine aliyefuata chaja ya simu akasogea kutazama. Ndani ya keisi hiyo kulikuwa na pawa saplai ya bure. Mpwa wangu aliichomoa akainyanyua kwa vidole viwili. Lebo ilisema wati 600. Uzito ulisema mengine.

Huu ndio ugonjwa wa biashara hii yote. Feni ina mashabiki, kioo kina mashabiki, hata waya zenye rangi zina mashabiki. Pawa saplai haina. Imefichwa chini kabisa, nyeusi, haiwaki, na hakuna mgeni atakayekuja sebuleni akaisifia. Lakini yenyewe ndiyo inayoshika roho ya vitu vingine vyote. Hesabu yetu wala haikuwa ya kutisha: prosesa wati 65, kadi ya RX 6600 wati 132, ongeza mazabodi, diski na feni, hufiki hata 300. Wati 550 za kweli, zenye alama ya 80 Plus inayothibitisha kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia inafika kwenye kompyuta badala ya kugeuka joto, zinatosha leo na zinabakiza nafasi ya kadi kubwa zaidi. Nilipotaja bei yake nyumbani, mama watoto aliuliza inaonyesha nini. Nikasema haionyeshi kitu.

Kwenye kadi ya grafiki ndiko bajeti inakoliwa, na wanaokula wanalijua hilo. Winga alituletea RX 580 "OG kabisa, bosi". Maandishi madogo kwenye stika yalisema 2048SP, yaani toleo lililotolewa kwa soko la China mwaka 2018, lenye vichakataji 2,048 badala ya 2,304 vya RX 580 halisi. Kwa lugha nyepesi, ni RX 570 iliyobadilishiwa jina. Iliyofuata ilikuwa imefungwa nailoni na kutangazwa kuwa "haijatumika sana". Tangu Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kadi za grafiki, soko la mtumba lilijaa kadi za namna hii, ambazo zilikesha zikichimba sarafu na sasa zinauzwa kama za mzee mmoja aliyekuwa anasomea barua pepe. Ya tatu iliitwa GTX 1050 Ti. Mpwa wangu akaomba ichomekwe kwenye kompyuta ya dukani, akafungua programu ya GPU-Z, ambayo tangu 2018 inatambua kadi feki za Nvidia. Programu ikaandika bila aibu kwamba ni feki. Ndani kulikuwa na chipu ya kizazi cha GTX 550 Ti, kadi ya mwaka 2011.

"Bosi," muuzaji akasema kwa upole, "hiyo programu ina virusi."

RX 6600 tuliipata kwa mtu mwingine, mpya, ya 8GB, kwa bei iliyonifanya nirudi nyumbani kwa daladala. Mazabodi tuliikuta huko huko, B450 iliyotumika, na muuzaji akaapa kwamba inakubali Ryzen zote. Kumbuka kiapo hicho.

Sasa shemeji. Kaka wa mama watoto ni fundi redio wa siku nyingi, na aliposikia tunataka kutoa pesa yote ile kwa kiboksi kisichoonyesha kitu, alisikitika kwa niaba ya dada yake. "Shem, mimi ninayo nyumbani. Nzima kabisa." Akaileta imefungwa kwenye gazeti, ilitoka kwenye kompyuta ya ofisi ya zamani. Nyuma yake kulikuwa na swichi ndogo nyekundu yenye namba 115. Umeme wetu ni volti 230. Swichi ikiwa pale, saketi ya ndani inajiona iko Marekani, inaurudufu umeme unaoingia, na zile kapasita mbili za volti 200 kila moja zinajikuta zimebebeshwa zaidi ya 300. Haya nayaeleza sasa kwa utulivu. Wakati ule tulichokijua ni kwamba shemeji alisema "tuijaribu kwanza", akachomeka ukutani, na pakatokea mlipuko ambao jirani aliupokea kwa kuuliza ng'ambo ya ukuta kama ni transfoma. Moshi ulinuka kama samaki wa jana. Shemeji aliitazama kwa huzuni ya kweli.

"Ilikuwa nzima hii," akasema.

Faida ya ajali ile ni kwamba pawa saplai hiyo haikuwa imeunganishwa na kitu chochote, na mama watoto mwenyewe, akipepea moshi kwa mfuniko wa sufuria, alitoa amri: "Nunueni hiyo ya ghali." Pawa saplai ikawa imepata shabiki wake wa kwanza.

Siku ya kuunganisha, shemeji alitaka kurudisha heshima. Akakabidhiwa waya wa HDMI, akauchomeka kwenye tundu lililo karibu, la mazabodi. Tukawasha. Feni zikazunguka, skrini giza. Mpwa wangu akamweleza, kwa adabu ya mtoto anayejua kuliko mkubwa, kwamba Ryzen 5 5600 haina picha yake yenyewe, Ryzen za AM4 zenye picha ni zile zenye herufi G kwenye jina. Waya unakwenda kwenye kadi. Tukauhamisha. Feni zikazunguka. Giza lile lile.

Hapo ndipo kile kiapo kilipoiva. B450 ni mazabodi za mwaka 2018 na prosesa yetu ni ya 2022, kwa hiyo mazabodi ilikuwa inamtazama mgeni isiyemjua. Dawa ni kusasisha BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi. Lakini ili usasishe BIOS lazima kompyuta iwake, na ili iwake lazima iwe na prosesa inayoijua. Kuna mazabodi zenye kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa yoyote; yetu haikuwa mojawapo. Tukampigia muuzaji. "Si nilisema inakubali zote? Inakubali. Ila uifundishe kwanza."

Mwenye Ryzen 3 2200G ya kuazima alipatikana, rafiki wa mpwa, akabaki na kitambulisho changu kama dhamana. Tukafungua tena, tukapangusa ile pasta ya joto ambayo ikishagusa kidole inagusa pia shati, mlango na mtoto, tukabadilisha prosesa huku tumebana pumzi, maana za AM4 zina miguu 1,331 chini na mmoja ukipinda ni kilio. Skrini ikawaka. Ikatokea picha ya BIOS, kisha onyo kwa herufi kubwa: usizime kompyuta wakati kazi inaendelea. Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kuwa kibao cha kukatia vitunguu.

UPS ilikuwa kwenye orodha ya vitu tutakavyoongeza baadaye.

Niliweka sheria ya dharura. Pasi marufuku, jagi la umeme marufuku, hata friji niliichomoa. Mstari ukatembea hadi asilimia thelathini na kitu, ndipo mita ya LUKU ilipoanza kulia. Tulikuwa tumekaribia kumaliza yuniti kwa kujaribu, kuzima na kuwasha mchana kutwa. Nikanunua kwa simu, tukasubiri meseji, na meseji ya tokeni ina tabia ya kuchelewa siku unayoihitaji na kufika haraka siku uliyokosea namba ya mita. Ilipoingia, mpwa akasimama sebuleni kusoma, mama watoto akasimama mlangoni kupokea, na mdogo wetu wa darasa la pili, mrefu kwa kupanda kiti, akabonyeza. Tarakimu ishirini. Nne nne. Kwenye fungu la nne akabonyeza tisa badala ya sita, mita ikakataa, wakaanza upya. Mimi nilibaki nimekaa mbele ya skrini bila kazi yoyote, nimeishika meza kwa mikono miwili, kana kwamba umeme unapita kwangu.

Yuniti ziliingia mstari ukiwa asilimia tisini na moja. Nyumba nzima ilipiga makofi, na jirani akauliza nani kafunga.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Mpwa aliingia BIOS akawasha XMP, kwani usipoiwasha RAM za 3200 zinaweza kutembea 2133 na hakuna anayekuambia. Gemu tuliyoikusudia ilikuwa na zaidi ya GB 100 na bando letu lilikuwa la wiki, kwa hiyo gemu ya kwanza kuchezwa kwenye RX 6600 ilikuwa karata, na aliyecheza ni mama watoto. Alisema inakwenda vizuri.

Tangu siku hiyo tumeongeza kweli. RAM mbili za 8GB zilitoka, zikaingia za 16. SSD ndogo ikapisha kubwa. Yule rafiki wa mpwa akaona ni heri kuniuzia ile 2200G kuliko kuifuata Mbagala, nikapata na kitambulisho changu. Vilivyotoka vinakaa kwenye droo ya kabati, chini ya vyeti vya kuzaliwa. Jumapili iliyopita mpwa wangu alivipanga juu ya meza, akavitazama, akahesabu kwa vidole.

"Anko, prosesa ipo, na hii ina picha yake yenyewe. RAM ipo, diski ipo. Tukipata mazabodi, keisi na pawa saplai tu, tunayo ya pili."

Shemeji alikuwa kwenye kochi anamenya karanga. Akainua kichwa.

"Pawa saplai ninayo."