Matango Pori: Mwongozo kwa Mlaji Mpya

Ndugu msomaji, hongera. Kama umefika umri huo bila kujua dunia inaendeshwa na nani, umechelewa, ila hujapotea. Mwongozo huu utakutoa kwenye kundi la wanaodanganywa na serikali, madaktari na walimu wa fizikia, ukuingize kwenye kundi la wanaodanganywa na shemeji zao. Hakuna ada wala mtihani. Unahitaji benchi, kikombe cha kahawa chungu na simu yenye bando.

Sifa zangu za kukufundisha ni hizi: zamani kidogo, ilipozagaa habari kwamba kuna namba nyekundu ya simu ambayo ukiipokea tu unakufa papo hapo, nilizima simu siku mbili. Nikawaonya na ndugu zangu wote. Kwa kuwa yangu ilikuwa imezimwa, niliwaonya kwa simu ya jirani.

Anzia kijiweni. Keti karibu na yule anayeongea kwa sauti ya chini, maana mwenye sauti ya chini ndiye mwenye habari za chini ya kapeti. Wa sauti ya juu huyo ana habari za magazetini tu, na hizo hata mtoto anazo. Itikia kwa kichwa, polepole, huku umefinya macho kidogo. Akisema "hawa jamaa", usiulize jamaa gani. "Hawa jamaa", "wakubwa", "mabeberu", "wenye dunia yao": utamu wa maneno haya ni kwamba hayana anwani. Mwenye anwani anaweza kufuatwa akaulizwa, naye akajibu, na habari nzuri ikafia mikononi.

Kisha chagua tukio. Liwe kubwa, na sababu yake iliyotangazwa iwe ndogo mpaka inatia aibu. Kifo cha Princess Diana kitakufaa kwa mazoezi. Paris, 31 Agosti 1997: dereva aliyelewa, mwendo wa kasi, wapiga picha wanafukuzia, nguzo ya handaki, na yeye hakufunga mkanda. Sasa jiulize kwa dhati, hiyo ni sababu? Sisi tunakufa hivyo kila siku barabarani na hakuna anayeuliza, lakini binti mfalme hafi kama abiria wa daladala. Moyo wa binadamu unataka mizani ilingane: kifo kikubwa kipate muuaji mkubwa. Dereva mlevi hatoshi kwenye kiatu hicho.

Wala usihangaike hadithi zako zikigombana. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, walichapisha jambo la kupendeza: waliokubali kwamba Diana aliuawa, ndio hao hao waliokuwa na mwelekeo wa kukubali pia kwamba alijifanya amekufa na yuko hai mahali fulani. Ameuawa, na yu hai! Usicheke. Kinachoziunganisha hadithi hizo ni imani moja iliyo chini yake, kwamba waliotoa taarifa rasmi wanaficha kitu. Ukishaishika hiyo, nyingine zote ni mapambo. Unaweza kuzibadilisha kama mashati.

Hapa vijana hunikatiza kwa kusema elimu hii imeletwa na intaneti. Hawajakaa na bibi zao. Sisi wa pwani na bara tulikuwa na njama zetu kabla hata ya redio ya betri, na iliyo bora kuliko zote ni mumiani.

Mumiani kwanza ilikuwa dawa tu, kitu cheusi kama ulimbo kilichouzwa pwani kwa ajili ya maumivu na mifupa iliyovunjika. Jina lake limepitia Uarabuni kutoka Uajemi, ambako "mum" ni nta. Lakini watu walijiuliza inatengenezwa na nini, na jibu lililoshika ni damu ya binadamu. Basi ikahitajika damu, na palipo na damu lazima awepo wa kuichukua. Zama za ukoloni mkamataji akapatikana: wazimamoto. Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, watu waliapa kwamba usiku wale wenye gari jekundu wanawateka wapita njia na kuwatoa damu. Katanga, Kongo, waliitwa batumbula. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizi kwa miaka, akachapisha kitabu mwaka 2000, na alichokataa kufanya ni kuwacheka wasimuliaji. Aliwasikiliza ili ajue walikuwa wanasema nini kuhusu dunia yao.

Hebu na wewe jaribu kukaa mahali pao. Kuna watu wana sare, gari la rangi ya damu na king'ora, wanalipwa mshahara kusubiri moto, na moto kwenu hawaji kuuzima kwa sababu mabomba ya maji yako uzunguni. Basi kazi yao ni nini? Hospitalini nako unatobolewa, damu inaingia kwenye kichupa, kichupa kinaingia chumba kingine, mlango unafungwa, na hakuna anayekwambia inakwenda wapi. Nje unadaiwa kodi ya kichwa. Kenya unavaa kipande, kitambulisho chako cha kazi, shingoni. Nguvu zako zinatoka kila siku na hazirudi. Mtu aliyesema "wanatunyonya damu" alikosea kifaa tu. Lugha yenyewe ilimwelewa: Azimio la Arusha lilipotoka mwaka 1967, neno lililobeba dhuluma yote ya kiuchumi lilikuwa unyonyaji, na mpaka leo hatuna lingine lenye nguvu kama hilo.

Nimekaa sana kwenye mumiani kwa sababu ndipo ilipo siri ya kazi hii. Tango pori, yaani habari ya kuzusha, halioti kwenye zege. Linataka udongo, na udongo wenyewe ni jambo la kweli lililowahi kutokea. Hivyo unapofundisha wenzako, usianze na uongo. Anza na Tuskegee. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Alabama, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, karibu 400 kati yao wakiwa na kaswende, wakiambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipopatikana hawakupewa. Walitazamwa. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997. Ukimaliza hapo, nenda Abbottabad, Pakistan, mwaka 2011, ambako CIA walitumia kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini wakitafuta vinasaba vya familia ya Osama bin Laden. Ikulu ya Marekani ilikuja kuahidi mwaka 2014 kwamba haitarudiwa. Kufikia wakati huo wachanjaji wa polio walikuwa wameshaanza kuuawa Pakistan.

Yote hayo ni kweli, na msikilizaji wako anajua ni kweli. Sasa ndipo unapoingiza lako. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kazi yako wewe ni kuuza ung'ongo.

Tazama ilivyokwenda Kenya mwaka 2014. Maaskofu Wakatoliki walisema chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilikuwa na homoni ya kuwafanya wasizae. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Lakini swali la mtaani lilikuwa moja na lilikuwa zuri: mbona wanawake tu, na mbona wa umri wa kuzaa? Jibu lipo, na ni la kusikitisha: pepopunda inaua vichanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, na mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga akiwa bado tumboni. Jibu hilo lilipaswa kutangulia sindano. Mbaya zaidi, au vizuri zaidi kwa biashara yetu, ni kweli kwamba wapo watafiti, hasa India, waliowahi kujaribu chanjo ya kuzuia mimba kwa kuunganisha homoni ya ujauzito na sumu ya pepopunda iliyofifishwa. Hiyo ilikuwa chanjo nyingine, ya majaribio. Lakini kijiweni nani ana muda wa "nyingine"?

Mwanafunzi wa ngazi ya juu nampa hili moja la kutafuna usiku. Mwaka 1983 gazeti la Patriot la New Delhi lilichapisha barua isiyo na jina ikidai kwamba UKIMWI ulitengenezwa na Wamarekani kwenye maabara ya kijeshi ya Fort Detrick. Habari ikazunguka dunia, Afrika ikaipokea kwa mikono miwili, na wapo wanaoisimulia mpaka leo kama siri waliyoigundua wenyewe. Barua ile ilipandwa na KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti. Njama ilikuwepo, basi. Njama yenyewe ilikuwa kukuaminisha kwamba kuna njama. Mimi tangu nijue hilo hupata kizunguzungu kidogo nikifikiria ni mara ngapi nimejiita mjanja.

Kuhusu vifaa sitakuchosha. Ujumbe wenye mishale miwili juu yake umeshapita mikono mingi, nawe uhesabu hilo kuwa muhuri wa ubora. WhatsApp waliuwekea kizuizi mwaka 2020, usitumwe ila kwenye gumzo moja kwa wakati mmoja. Wewe waambie watu kwamba hiyo ni dalili ya hofu yao. Ujumbe wa sauti ni bora kuliko maandishi, hasa ukianza na mtu anayehema. Na rudia. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwapa wanafunzi wa chuo sentensi za kweli na za uongo katika vikao vitatu vilivyopishana wiki mbili mbili. Zile zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa, za uongo pamoja na za kweli. Wahenga walishatuandalia kauli ya kufungia mjadala, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijawahi kukutana na methali inayompunguzia mtu kazi kiasi hicho.

Atatokea mbishi. Hakosekani. Ukidai minara ya 5G ndiyo iliyoleta korona, atakwambia mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa Machi 2020 huko Arusha, ilhali 5G ilizinduliwa nchini mwaka 2022, sasa mnara gani uliomwambukiza? Usitafute jibu. Tabasamu umwambie, "Ndiyo maana hukuuona." Ushahidi ukikosekana, umefichwa. Ukipatikana wa kukupinga, umepandikizwa. Mtaalamu akikupinga, amelipwa. Akikuunga mkono, ni jasiri. Mlango huu unafunguka upande mmoja tu, na ukishaingia utashangaa mlivyo na joto humo ndani: kila jambo lina mwenyewe, hakuna bahati mbaya, na wewe, ambaye ofisini hawakukumbuki hata jina, ni mmoja wa wachache wanaojua. Nani atoke huko kwa hiari?

Gharama zipo, nazitaja haraka maana haziwaangukii wanaosimulia. Mwaka 1959 pale Buguruni, Dar es Salaam, umati ulioamini habari za mumiani ulimuua askari polisi. Mkoloni aliyemtuma hakuguswa, na hakuwepo.

Usifikiri kwamba tunafanya kazi hii peke yetu. Washirika wetu wakubwa wamo maofisini. Ni yule anayesema "puuzeni uzushi" kisha anapanda gari. Yule ambaye takwimu kwake ni siri ya familia. Tanzania ilitoa idadi ya wagonjwa wa korona mpaka mwisho wa Aprili 2020, wakiwa karibu 500, kisha ikanyamaza. Siku chache baadaye tuliambiwa sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na virusi. Baada ya hapo, kwa zaidi ya mwaka, kila kijiwe kilikuwa wizara ya afya, na redio mbao ndiyo iliyotangaza misiba na dawa. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera, lakini watu walikuwa wameshazoea kujijibu wenyewe. Serikali inayowaita raia wajinga kwa kuamini uvumi ingetazama kwanza kisima walichonyimwa.

Onyo la mwisho. Niliwahi kumwona muuguzi mmoja kliniki, mtu wa makamo, miwani imefungwa uzi. Akina mama walikuwa wameigomea chanjo. Hakuwakaripia. Alivuta kiti, akawapa kichupa wakishike, wakauliza mpaka saa sita. Mama mmoja akamuuliza, "Dada, hii imetoka nchi gani, na huko kwao watoto wao wanachomwa hii hii?" Akasema, "Sijui, mama yangu. Nitauliza. Njoo Alhamisi." Alhamisi mama alikuja, na jibu lilikuwepo, limeandikwa kwenye karatasi. Watu wa namna hiyo wanaharibu soko. Ukimwona mmoja mtaani kwako, hama kijiwe.