Kochi la Watu Saba Laenda Mfangano

Jirani yangu hapa Ndanai ameapa kuhamia kisiwa cha Mfangano. Eti anataka utulivu, mashemeji wamezidi. Kenta ya hadi Mbita tayari ameikodi. Kutoka hapo, bwana mkubwa, barabara hakuna: ni ziwa na boti. Nilimuuliza kochi la watu saba litapandaje. Akatoa futi kamba mpya mfukoni, akaenda kupima mlango wa sebule. Kabati la vioo nalo linasafiri, pamoja na ng'ombe wawili ambao hata mto Kipsonoi hawajapata kuuvuka bila kuburutwa. Kibuyu cha mursik kitapakatwa na mama watoto mwenyewe. Hapo haaminiwi mtu.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa sheria watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho hadi Gwassi, kando ya ziwa lilo hilo, wala haikumuuliza mtu habari za makochi. Huyu wetu anajihamisha kwa hiari yake, ila si kwa pesa zake: Jumapili kuna harambee ya nauli. Mgeni wa heshima ni shemeji.